Mwaka wa Mgongo

Siku ya pili ya msiba wa mama walinikataza kumimina kahawa. Binti wa marehemu hukaa akapewa pole, walisema, wa kuhudumia wapo. Nikakaa. Ukumbi wa wanawake wa nyumba yetu ya Bawshar, mjini Maskati, ulikuwa umejaa mabuibui mpaka mlangoni, watu wamebanana juu ya mazulia goti kwa goti, na mimi nimeshikwa mikono na wanawake ambao nilikuwa nayatafuta majina yao huku nikiitikia dua zao. Nilivumilia kwa muda. Kisha nikamwona binti yangu anazunguka na dele la kahawa mkono wa kulia na finjani mkono wa kushoto, kinyume kabisa na tulivyolelewa, nikajiambia kwamba mama angefufuka kwa hasira. Nikasimama, nikamnyang'anya. Wa kwanza niliyemkuta mbele yangu alikuwa Shangazi Rayya, dada yake baba, ambaye sasa hatembei bila kushikwa. Alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, pale pale alipokaa siku aliyokuja mama mmoja wa Kimarekani kunihoji, na mimi nimesimama mbele yake na dele lile lile. Mwaka mzima ukanirudia kwa mpigo mmoja.

Nani katika watu wetu alitoka Unguja lini, na kwa sababu gani, nitawaachia wengine, maana kila nyumba ya Maskati inayozungumza Kiswahili ina mtu wa kuisimulia hiyo, na wengi hawanyamazi. Mimi nataka kusimulia mwaka niliomaliza skuli. Nilikuwa mwanafunzi wa katikati. Si mjinga, wala si wa kutajwa jina siku ya kufunga skuli. Nafasi za vyuo za serikali ziligawiwa kwa alama, na alama zangu hazikufika. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniita mezani siku matokeo yalipotoka, akasukuma sahani yake ya papai pembeni, akasema, "Nnakupa mwaka mmoja, Thuraya. Ukipata chuo cha nje kitakachotubebea sehemu ya ada, nenda, na Mungu akulinde. Ukikosa, ami yako anataka mtu wa kumwamini dukani." Duka la ami lilikuwa la vigae, kule Ghala, na nililijua vizuri kwa sababu Jumamosi nilikuwa nikimsaidia. Lilikuwa na taa nyeupe za kuumiza macho, vumbi la saruji lililokaa kwenye nyusi, na nyuma ya kaunta kiti kipya ambacho ami alikuwa amekinunua bila kusema ni cha nani.

Amerika iliingia kwa kupitia Bi Hanan, mwalimu wa ushauri wa skuli yetu. Alikuwa mwanamke wa Kisudani, mpole wa sauti na mkali wa macho. Vyuo vya kwingine, alisema, vinahesabu alama vikakutoa. Vya Amerika vinasoma alama, kisha vinauliza: huyu ni nani? Vinataka insha ya maisha yako, vinataka walimu wakushuhudie, pengine vinatuma mtu kukutazama usoni. Akaweka karatasi ya matokeo yangu mbele yetu na kidole juu ya darasa la kumi na moja. "Alama za wastani husamehewa," akasema. "Lakini hapa umeanguka. Kuanguka kunaulizwa. Kulitokea nini?" Nikamwambia hakukutokea kitu. Akanitazama, akangoja, akafunga faili.

Kilichotokea ni kwamba mwaka ule mama alikwenda Bangkok kwa matibabu ya mgongo. Hivyo ndivyo tulivyomwambia kila mtu, na mgongo ukawa neno la nyumba nzima. Alirudi na uvimbe wa mkono, kilemba alichokivaa hata mbele ya wanawake wenzake, akisema AC inampiga kichwa, na kanga aliyojifunga kifuani kwa namna ambayo hakuwahi kujifunga kabla. Tuliojua tulikuwa mimi na baba tu. Wadogo zangu wawili waliambiwa mgongo. Shangazi Rayya, aliyekuwa akiishi Hail na akija kila Ijumaa, aliambiwa mgongo. Yeye hasa. Katika ukoo wetu ukitaka habari ifike Sidab, mwisho wa mji, kabla ya adhuhuri, ulimpa Shangazi Rayya asubuhi, bila ya kulipia. Kazi yangu ilikuwa mlangoni: mama amelala, shangazi, ule mgongo, unajua tena. Baada ya hapo nilirudi jikoni. Siku alizotiwa dawa mama hakuweza kustahimili harufu ya kitunguu wala ya samaki, na kwa kujaribu na kukosea nikagundua kwamba mseto mlaini wa mchele na choroko, usio na kiungo hata kimoja, ulikaa tumboni, na supu ya kuku, ambayo dunia nzima inaisifu, haikukaa. Nilimkanda mkono, nilimvisha, niliwapeleka wadogo zangu kwenye basi la skuli. Kemia na hisabati zilifanywa na nafsi iliyobakia, na haikubakia nyingi.

Nilimuuliza mama kama naweza kuliandika hilo. Ilikuwa wakati wa chai ya alasiri, kwenye meza ya chakula, maana huko ndiko mtandao ulikoshika na huko ndiko nilikohamia na laptopu yangu mwaka mzima, kati ya chupa ya achari na sahani za vitumbua. Alikuwa amepona kwa kadiri madaktari walivyokubali kusema. Nywele zilikuwa zimerudi, fupi na ngumu. Nilimweleza alivyosema Bi Hanan kuhusu kuanguka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Andika kitu kingine." Nikasema, mama, wao wako Amerika, hawamjui mtu hapa. "Karatasi zina miguu," akasema. "Andika kitu kingine, mwanangu." Usiku ule sikumsikia akilia, mama hakuwa mtu wa kulia, lakini nilipopita nje ya jiko kabla ya kulala nilimsikia akimwambia baba, "Nikifa, na waseme watakavyo. Lakini nikiwa hai sitaki mtu aje kunisalimia huku ananitazama kifua." Nilisikia kijiko cha baba kikizungushwa kwenye kikombe muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Nilisimama pale na hasira, na nikajionea haya kwa ile hasira, na haya haikuiondoa.

Basi nikaandika kuhusu mkate wa kumimina. Insha nzima, namna unavyousubiri mchele uliosagwa uumuke, na kwamba subira ni somo. Nikiisoma leo natamani kujificha chini ya kitanda. Niliipeleka kwenye vyuo kadhaa. Majibu yalikuja kwa barua pepe, moja moja, yote kwa adabu, na kila moja lilianza kwa kunishukuru, nikajifunza upesi kwamba anayekushukuru mwanzo anakukataa katikati. Nilikuwa nafungua kompyuta kabla ya kunawa uso. Mama hakuuliza. Aliweka chai mbele yangu, akanitazama nilivyokaa, akajua. Ami alipiga simu kumuuliza baba kama ninaweza kuanza kwa muda tu, wakati nasubiri. Chuo kimoja kilichobaki, cha kaskazini karibu na Kanada, hakikukubali wala kukataa. Kiliandika kwamba mhitimu wao mmoja anaishi Maskati na angependa kunihoji.

Aliitwa Bi Ellen. Mumewe alikuwa mhandisi, na walikuwa hawajatimiza miezi miwili mjini. Alipendekeza tukutane kwenye mkahawa ndani ya duka kubwa, na ndipo vita vilipoanza, maana mama hakuona maana ya mtu mzima mwenye nyumba kumkaribisha mgeni kwenye viti vya watu. "Anakuja kukupima wewe," akasema. "Akupimie kwenu." Bi Ellen, Mungu ambariki, akakubali kuja nusu saa. Tulikubaliana asijulishwe mtu yeyote, kwa kuogopa jicho. Lakini baba hajui kuficha, alimpigia dada yake kuuliza wapi panapouzwa halwa nzuri, na siku yenyewe, dakika chache kabla ya mgeni, Shangazi Rayya akashuka kwenye gari na trei ya halwa mkononi na bangili zake zote. Mama alimtazama baba kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona. Baba akamsalimu mgeni mlangoni, akakimbilia msikitini, ingawa adhana ilikuwa bado.

Sasa, asiyejua mambo yetu inabidi aelezwe hili la kahawa. Kwetu aliye mdogo ndiye anayemimina, na anayemimina hakai. Husimama mbele ya mgeni, dele mkono wa kushoto, na kila akirudishiwa finjani tupu anaijaza, mpaka mgeni aitikise kidogo kwa vidole kuonyesha ametosheka. Mgeni haambiwi kutikisa. Kumwambia ni kama kumwambia basi, umekula vya kutosha. Na Bi Ellen, mrefu, mwenye tabasamu la woga na daftari dogo mapajani, alikuwa hajafundishwa na mtu. Alidhani adabu ni kumaliza. Akamaliza, akanirudishia, nikajaza. Akamaliza, nikajaza. Alikuja kunihoji mimi, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chake kama mtumishi wa hoteli, siwezi kukaa, na shangazi amekaa karibu naye kwenye kochi la pembeni, na mahojiano yakaanza hivyo hivyo.

"Unapenda kusomea nini?" Bi Ellen akaniuliza, akiinua shingo. Shangazi Rayya, aliyefanya kazi benki miaka mingi na kujivunia Kiingereza chake, akajibu, "Udaktari." Sikuwahi kutaka udaktari. Mtoto hamkosoi shangazi yake mbele ya mgeni, nikatabasamu. Aliuliza nini kinanifurahisha, shangazi akasema Thuraya ni mtulivu sana, hana matatizo, hatoki nje. Aliuliza najiona hodari wa jambo gani, na hili aliniuliza mimi kwa macho, nikajibu kama nilivyolelewa kujibu, kwamba si hodari wa kitu hasa, nasaidiasaidia tu nyumbani. Nilimwona akiandika. Nilijua, nikiwa na lile dele linalonivuta kiganja, kwamba kila neno la adabu lilikuwa linanisogeza kwenye kile kiti cha Ghala, na sikuwa na neno jingine. Mama alikuwa upande wa pili wa chumba, mikono mapajani. Kiingereza chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Bi Ellen akanirudishia finjani, nikajaza. Kisha akafungua ukurasa mpya na kuuliza, kwa sauti ya mtu asiyependa kuuliza, alama zangu zilianguka kwa nini darasa la kumi na moja.

Hilo shangazi hakulijua. Akageuza uso kunitazama na yeye. Nikahisi mama hapumui. Sikumtazama. Nikasema, "I was lazy." Nilikuwa mvivu. Yakatoka mepesi kuliko nilivyodhani, na Bi Ellen akainamisha kichwa polepole, akaandika hayo pia.

"Thuraya," mama akaita. "Umemwambia nini?"

"Nimejibu swali, mama."

"Neno hilo nnalijua." Akainuka. Alipita katikati ya zulia, akanifikia, akashika mpini wa dele juu ya mkono wangu. "Lete. Kaa."

"Mama, mgeni bado hajatikisa."

"Kaa, nshasema."

Nikakaa. Sijui kama naweza kumfahamisha mtu wa leo ilivyokuwa, mama mwenye nyumba kusimama na dele, na bintiye kukaa kwenye kochi karibu na mgeni. Mama hakumtazama shangazi. Alimtazama Bi Ellen, akasema nami kwa Kiswahili, taratibu, kila neno limekamilika, "Mfasirie. Mwambie hukuwa mvivu. Mwambie mwaka ule nilikuwa na saratani. Nilikatwa ziwa Bangkok, nikarudi sijiwezi, na wewe ndiye uliyenilisha, ukanivisha, ukawalea wadogo zako. Mwambie." Akafikiri kidogo. "Na mwambie hisabati ulikuwa huijui hata kabla ya hapo. Usimdanganye mgeni."

Angeweza kungoja shangazi aondoke. Angeweza kunivuta jikoni. Alisema pale, kwa lugha ambayo Bi Ellen peke yake ndiye asiyeijua, na aliyeielewa neno kwa neno ni mtu yule yule aliyefichwa mwaka mzima. Nilifasiri. Bi Ellen akaweka kalamu chini, akamtazama mama, akauliza hali yake sasa. "Mwambie alhamdulillahi," mama akasema, "na akuulize mambo yako, muda unakwenda." Basi nikazungumza. Sikuzungumza udaktari. Nilimweleza kuhusu mseto na supu, kwa nini kimoja kinakaa na kingine hakikai, na kwamba hospitali ilitupa karatasi ya vyakula ambavyo mama asingevila hata akiwa mzima, na kwamba nilitaka kujua nani anaandika karatasi zile na kwa nini hajawahi kuingia jiko la mtu. Nilizungumza mpaka nikasahau kujionea haya. Mama alimjazia mgeni mara nyingine, na Bi Ellen akafunika finjani kwa kiganja, kwa kuwa moyo wake bila shaka ulikuwa unakimbia kwa kahawa ile yote.

Alipoondoka mgeni, Shangazi Rayya naye akavaa buibui lake, akasahau trei yake ya halwa, akapanda gari. Mama alikuwa anaosha finjani. "Umeona haraka ile?" akasema, hajageuka. "Magharibi haitafika, Maskati nzima itakuwa inajua." Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua kwa lipi. Nikasema mama, kwa nini? Akazima bomba. "Kwa sababu nimelala kitandani mwaka mzima nnakutazama, kisha nikusikie unajiita mvivu nyumbani kwangu?" Akajifuta mikono. "Khalas. Siri imeshakwenda sokoni. Angalau irudi na kitu. Andika."

Chuo cha Bi Ellen kilinikataa. Walinishukuru mwanzo, kama kawaida. Nililia siku hiyo kwa sauti, na sikulia kwa ajili yangu, nililia kwa kuwa mama alilipa na hatukupata kitu. Lakini Bi Hanan alikuwa amepata chuo kingine, kidogo, katikati ya mashamba ya mahindi, kilichokuwa bado kinapokea watu, na insha nilikuwa nimeshaiandika upya. Mama alinitaka nimfasirie kabla ya kuituma. Alisikiliza akikuna nazi. Mahali nilipoandika kwamba alikuwa amelala hana nguvu hata ya kusema alinisimamisha. "Usiniandike kama maiti," akasema. "Nilikuwa nagomba kila siku. Tia hilo." Nikalitia. Wakanikubali, wakabeba sehemu kubwa ya ada, na ami akampa mtu mwingine kile kiti. Nimekuwa mtu wa lishe ya wagonjwa mpaka leo, na bado naingia majiko ya watu.

Wiki zile kabla sijaondoka, mama alivaa vizuri kila alasiri, akaweka finjani tayari, akangoja. Alikuwa anawangojea wanawake wanaomletea mgonjwa asali na maji ya zamzam, wale wa kumtazama kifua. Watu walikuja, kama walivyokuja siku zote. Waliuliza mgongo. "Wanajifanya," mama alisema wakishaondoka. "Wana adabu, lakini wanajua." Miaka yote aliyoishi, na aliishi mingi kuliko walivyotuahidi, mpaka moyo ulipomchukua, alikaa mbele ya watu kifua mbele, kidevu juu, kama mtu aliyekwisha semwa na hajali tena. Na mimi pia niliamini hivyo. Nilipokuja likizo sikumtazama shangazi machoni.

Basi siku ya pili ya msiba nilikuwa mbele yake na dele. Pembeni yake alikaa jirani mgeni wa mtaa, mwanamke mzuri wa kupenda kujua, akamwinamia na kumuuliza kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa na maradhi ya zamani, maana alisikia aliwahi kutibiwa nje. Shangazi Rayya hakuinua macho. Alikuwa anaipuliza kahawa yake.

"Mgongo tu, mwanangu," akasema. "Bangkok alikwenda kwa mgongo. Hakuwa na kingine."

Kumbe wale waliouliza mgongo miaka yote walikuwa hawajui. Shangazi alimaliza, akaninyooshea finjani tupu kwa mkono unaotetemeka, na kwa jinsi ulivyokuwa unatetemeka sikuweza kujua kama ametikisa au bado. Nikaijaza. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, macho yake yamejaa, akainywa, akanirudishia, nikaijaza tena.